Mimi Mmoja Nitabadilisha Nini?

Swali hili limezoeleka kiasi kwamba wengi hawalihesabu tena kuwa swali. Mama lishe hulitoa akiwa amemaliza kumpa mgambo "hela ya soda" ili meza yake isibebwe. Mwalimu hulitoa anapowaona wenzake wakifundisha nusu ya somo darasani na nusu nyingine tuisheni, kwa malipo. Abiria hulimeza kimyakimya dereva anapoyapita magari mengine kwenye kona. Nchi ni kubwa, watu ni wengi, mmoja atafanya nini?

Cha ajabu, mtu huyohuyo akisikia kijana wa jirani amekamatwa na simu ya wizi husema, "Mtaa ndio uliomharibu." Jioni akisikia kijana mwingine wa mtaa uleule amefaulu vizuri chuoni husema, "Yule ana juhudi zake." Kwa siku moja amedai kwamba jamii haibadilishwi na mtu, kwamba jamii ndiyo humtengeneza mtu, na kwamba mtu hujitengeneza mwenyewe. Kauli hizo tatu haziwezi kusimama pamoja, angalau si kwa jinsi zinavyosemwa.

Wanafalsafa wamelibishania jambo hili kwa karne nyingi. Sura hii inayapitia mabishano yao kwa msaada wa kikoba, matatu ya Nairobi na kijiji kimoja cha Ruvuma. Hoja yake ni kwamba mtu na kundi hutengenezana kila siku, lakini uzito wa mtu mmoja hutegemea mambo mawili: kama anaweza kujua wenzake wanafikiri nini, na kama anaweza kukataa.

Kambi mbili za zamani

Kambi ya kwanza huanza na mtu. Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake *Leviathan* cha mwaka 1651, aliwaza watu wakiishi bila serikali yoyote, kila mmoja akijitafutia na kumhofia mwenzake. Kwa kuwa maisha hayo hayavumiliki, wanakubaliana kumpa mtawala mmoja mamlaka ili awalinde. Wazo hilo huitwa mkataba wa jamii, yaani makubaliano ya kufikirika ambayo kwayo watu waliokuwa huru wanaunda dola. Kwa kambi hii, jamii ni jumla ya watu na makubaliano yao. Mwaka 1987 Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alilisukuma wazo hilo hadi mwisho alipoliambia jarida moja kwamba hakuna kitu kinachoitwa jamii. Wapo wanaume, wanawake na familia zao.

Kambi ya pili huanza na jamii. Kinara wake ni Mfaransa Émile Durkheim, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki mwaka 1917. Mwaka 1897 alichapisha utafiti kuhusu watu wanaojiua. Alilichagua tendo hilo makusudi, kwa sababu hakuna linaloonekana kuwa la mtu binafsi kuliko hilo. Alipopitia kumbukumbu za serikali za Ulaya aligundua kwamba kiwango cha kila nchi kilibaki karibu palepale mwaka hadi mwaka, ingawa waliokufa mwaka huu hawakuwa wale wa mwaka jana. Waprotestanti walikuwa na kiwango cha juu kuliko Wakatoliki, na wasio na ndoa kuliko wenye ndoa na watoto. Kwa hiyo, alisema, kuna nguvu inayotoka katika aina ya maisha ambayo watu wanaishi pamoja, na nguvu hiyo haionekani ukimchunguza mtu mmojammoja.

Nguvu hizo Durkheim aliziita mambo ya jamii: namna za kutenda na kufikiri ambazo mtu anazaliwa na kuzikuta, na ambazo humwadhibu akizikiuka. Kwenda msibani ni mfano mzuri. Hakuna sheria ya Bunge inayomlazimisha mtu kuhudhuria mazishi ya jirani. Hata hivyo, anayekosa misiba yote ya mtaa kwa mwaka mzima atajua adhabu yake siku yake ikifika na turubai likabaki na viti vitupu.

Kila kambi ina shimo lake. Watu wa Hobbes wanahitaji lugha ili waelewane kuhusu mkataba wao, na hakuna mtu aliyewahi kujifunza kusema akiwa peke yake. Jamii ilikuwepo kabla ya mkataba unaodaiwa kuizaa. Kwa upande wa Durkheim, kama jamii ndiyo inayoshika usukani wote, desturi zingebaki vilevile milele. Lakini zinabadilika mbele ya macho ya watu. Muziki wa Bongo Fleva, ulioitwa wa kihuni na wazee wengi katika miaka ya 1990, leo hupigwa kwenye mikutano ya kampeni na vyama vilevile vinavyoongozwa na wazee.

Kwa ufupi: Kambi ya kwanza haiwezi kueleza mtu alikotoka. Kambi ya pili haiwezi kueleza mabadiliko yanakotoka.

Watatu walioaga dunia mwaka mmoja

Barani Afrika mjadala huu ulipata wabishani wake hodari. Watatu kati yao walifariki dunia mwaka uleule, 2019: John Mbiti wa Kenya, Ifeanyi Menkiti wa Nigeria na Kwame Gyekye wa Ghana.

Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alichapisha mwaka 1969 kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichosomwa sana vyuoni. Humo alieleza kwamba katika jamii nyingi za Afrika mtu hujitambua kupitia wenzake: uwepo wake unategemea uwepo wao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda chuo kulielewa wazo hilo, kwa kuwa amelelewa na methali isemayo mtu ni watu.

Menkiti, mshairi na mwalimu wa falsafa katika chuo cha Wellesley nchini Marekani, alisonga mbele zaidi mwaka 1984. Kwake, utu si kitu mtu anachozaliwa nacho kikiwa kamili. Mtoto mchanga bado yuko njiani; anakuwa mtu kadiri anavyopitia jando, ndoa, majukumu na uzee, na jamii ndiyo inayotoa cheti. Alitaja pia ushahidi wa matanga: katika jamii nyingi kifo cha mtoto huombolezwa kwa muda mfupi, na cha mzee kwa siku nyingi na kwa taratibu nzito.

Gyekye, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ghana huko Legon, aliona hapo hatari. Alikubali kwamba mtu huzaliwa ndani ya jamii na anadaiwa nayo. Alichokataa ni kauli kwamba jamii humaliza kazi yote. Mtu, alisema, ana akili ya kupima na uwezo wa kuchagua, na kwa uwezo huo anaweza kuigeukia jamii yake na kuiambia imekosea. Msimamo huo aliuita ujumuiya wa wastani: jamii ina haki kwa mtu, na mtu ana haki zake ambazo jamii haiwezi kuzifuta.

Hoja ya Gyekye ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana mwanzoni. Kama jamii ingemtengeneza mtu mzima mzima, yule wa kwanza kuhoji ukeketaji katika kijiji kinachoufanya angeyapata wapi mawazo yake? Methali zenyewe zinajua hilo. Lugha iliyotoa "mtu ni watu" ndiyo iliyotoa "akili ni nywele, kila mtu ana zake", na pia "kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake". Wahenga waliona pande zote mbili na hawakuona haja ya kuchagua moja.

Kikoba kinavyowafinyanga wanachama wake

Kama kila upande unautengeneza mwingine, kazi hiyo inafanyika vipi? Peter Berger na Thomas Luckmann, wasomi wa maisha ya jamii, walitoa jibu la hatua tatu katika kitabu chao cha mwaka 1966. Mfano rahisi wa kulijaribu ni kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Mfumo wa vikundi vya aina hii ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, kisha ukaenea sehemu kubwa ya Afrika. Nchini Tanzania uliwakuta wanawake ambao tayari walikuwa na upatu wao na kijumbe wao wa kukusanya fedha.

1. *Watu wanatengeneza jambo.* Wanawake 20 wanakaa chini ya mwembe na kukubaliana: hisa kiasi fulani kila wiki, faini kwa anayechelewa, kasha lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Siku hiyo kila kanuni ina mtu aliyeipendekeza, na kila mtu anamkumbuka.

2. *Jambo linasimama lenyewe.* Miaka mitatu baadaye wanachama wapya wanaingia. Hawakuwepo chini ya mwembe. Kwao faini ya kuchelewa si pendekezo la mama fulani. Ni "utaratibu wa kikundi", na hauhojiwi kama jua lisivyohojiwa kuchomoza.

3. *Jambo linaingia ndani ya mtu.* Mwanachama ambaye hakuwahi kuweka akiba sasa anakosa usingizi ikiwa hisa ya wiki haijatimia. Anajiona kuwa mtu wa akiba. Kikundi kimefika ndani ya dhamiri yake.

Mwingereza Anthony Giddens aliongeza jambo muhimu mwaka 1984. Kanuni, alisema, haina makao mengine zaidi ya matendo ya wanaoifuata. Kila mara mwanachama aliyechelewa anapotoa faini yake bila kelele, anaifanya kanuni iishi wiki nyingine. Siku mwenyekiti mwenyewe atakapochelewa na akasamehewa, kanuni imeanza kufa, hata kama bado imeandikwa katika katiba ya kikundi.

Kwa nini basi vikundi vingine hudumu na vingine husambaratika baada ya mgao wa kwanza? Mmarekani Elinor Ostrom alitumia maisha yake kulichunguza swali hilo kwa watu wanaotumia pamoja maji, misitu, malisho na maeneo ya uvuvi. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika vikundi vilivyodumu alikuta tabia zinazofanana:

- wanaofuata kanuni wana sauti katika kuzibadilisha;
- kuna wanaokagua, na wakaguzi wanawajibika kwa wanachama;
- adhabu huanza ndogo na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa;
- ugomvi una mahali pa karibu na rahisi pa kusuluhishwa;
- mamlaka za juu zinakitambua kikundi na haziingilii kila uamuzi.

Wachaga wa Kilimanjaro wanaotumia mifongo, mifereji ya asili inayoshusha maji ya mlimani hadi migombani, wanaijua orodha hiyo bila kumsoma Ostrom. Mfongo huwa na watumiaji wake, zamu zake za maji na siku zake za kuuzibua, na anayekwepa kazi hukumbana na wenzake kabla ya kukumbana na serikali.

Kwa ufupi: Watu hutunga kanuni, kanuni husimama, kisha huwatengeneza watu. Mzunguko huo hukatika pale wanaofuata kanuni wanapopoteza uwezo wa kuzigusa.

Ukimya ndani ya matatu

Sasa tuingie barabarani. Matatu ina abiria 14, dereva anakimbiza, na kila abiria ana hofu. Hakuna anayesema. Anayetazama kwa nje angedhani wote wameridhika. Kwa nini watu 14 wenye hofu moja wanashindwa na mtu mmoja?

Sehemu ya jibu ilipatikana Marekani katika miaka ya 1950. Mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaweka watu katika kikundi na kuwaonyesha mistari, kisha akawataka wataje ni upi unaolingana na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kwa mwenye macho. Lakini wote kikundini walikuwa wamepangwa watoe jibu lisilo sahihi, isipokuwa mmoja ambaye hakujua mpango huo. Katika takriban theluthi moja ya majaribio yenye mtego, mtu huyo alikana macho yake na kufuata wengi. Asch alipomwongezea mwenzake mmoja tu aliyesema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka hadi kama asilimia 5.

Mmoja tu! Wengi walibaki wengi vilevile. Kilichobadilika ni kwamba mtu hakuwa peke yake tena.

Mwaka 1978 Mark Granovetter, msomi mwingine wa Marekani, aliliweka jambo hilo kwa hesabu. Kila mtu, alisema, ana kizingiti, yaani idadi ya watu anaohitaji kuwaona wakitenda kabla naye hajatenda. Ndani ya matatu yetu, tuseme abiria wa kwanza yuko tayari kumkemea dereva bila kumngoja yeyote. Wa pili anahitaji kusikia sauti moja, wa tatu sauti mbili, na kadhalika hadi wa kumi na nne. Wa kwanza akisema, wote watasema. Sasa mtoe yule wa pili na umweke mtu anayehitaji sauti mbili. Wa kwanza atasema, hakuna atakayemuunga mkono, na ataonekana mkorofi. Magari hayo mawili yana abiria wanaofanana karibu kabisa, lakini moja linaasi na lingine linanyamaza. Mtu akihukumu tabia za Wakenya kwa kuyatazama magari hayo atakosea mara mbili.

Wazo hilo lilijaribiwa nchini Kenya kwenyewe. William Jack na James Habyarimana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walichukua zaidi ya matatu 2,000 na kuchagua kwa bahati nasibu karibu nusu yake. Katika nusu hiyo zilibandikwa stika zinazowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Madereva waliozihifadhi stika waliingizwa katika droo ya zawadi ya kila wiki. Hakuna trafiki aliyeongezwa, wala sheria mpya. Madai ya bima kutokana na ajali yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili katika magari yenye stika. Madereva walipohojiwa, majibu yao yalionyesha kwamba kelele za abiria zilichangia. Jaribio kubwa zaidi la baadaye, chini ya kampeni iliyoitwa Zusha!, lilihusisha magari yapatayo 12,000, na madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi moja.

Stika haikumpa abiria ujasiri ambao hakuwa nao. Ilimjulisha kwamba wengine wameisoma pia, na kwamba akisema hatakuwa mkorofi. Atakuwa anafanya kile kilichoandikwa mbele ya wote.

Njia hiyohiyo huonekana katika mambo mazito zaidi. Mzazi anayepinga ukeketaji akiwa peke yake humweka binti yake katika hatari ya kudharauliwa na kukosa mchumba, hata kama nusu ya majirani wanawaza kama yeye. Mwaka 1996, huko Tharaka nchini Kenya, shirika la Maendeleo ya Wanawake lilisaidia familia kuandaa sherehe mbadala: mabinti walikaa ndani, wakafundwa, wakatoka na kusherehekewa hadharani bila kukatwa. Kutoka kwao pamoja ndiko kulikokuwa na nguvu. Kila familia iliziona nyingine, na kila moja iliwapunguzia wengine gharama ya kuacha.

Shujaa na wanawake wenye makopo

Historia hupenda majina. Wangari Maathai alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, na tangu hapo hutajwa kama jibu tosha kwa swali la sura hii. Mtu mmoja, miti mamilioni.

Ukweli una watu wengi zaidi. Maathai alianzisha upandaji wa miti mwaka 1977 kupitia Baraza la Taifa la Wanawake la Kenya, kundi lililokuwepo tayari. Siku ya Mazingira Duniani mwaka huo ilipandwa miti saba tu katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi. Kazi ilikua pale vikundi vya wanawake vijijini vilipoanzisha vitalu vyao. Wataalamu wa misitu walipotia shaka uwezo wa watu wasio na vyeti, wanawake walitumia maarifa yao ya shamba na vyombo vilivyokuwa jikoni, na walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona. Mwaka 1989 Maathai aliposimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililotaka kumeza sehemu ya bustani ya Uhuru Park, alidhihakiwa hadi bungeni. Jengo halikujengwa.

Bila Maathai, vikundi vile huenda vingebaki na shughuli nyingine. Bila vikundi, Maathai angebaki profesa mwenye hoja nzuri. Kwa lugha ya Granovetter, yeye alikuwa abiria wa kwanza, na wanawake wa vitalu walikuwa wa pili, wa tatu na wa nne.

Litowa: kundi lililozaliwa na kundi lililoamrishwa

Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo swali la mtu na kundi lilijaribiwa kwa ukubwa kama Tanzania. Na ndani ya jaribio hilo kuna visa viwili ambavyo aghalabu husimuliwa kana kwamba ni kimoja.

Kisa cha kwanza kinaanzia Litowa, kusini mwa nchi, katika eneo la Songea. Mwaka 1960, kabla ya uhuru, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikwenda porini kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilivunjwa na njaa. Walijipanga upya, wakarudi, na safari hii kijiji kikashika. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Ruvuma Development Association, iliyojulikana kama RDA. Mwisho wa muongo huo vilikuwa 17.

Wanakijiji waliamua mambo yao katika mikutano yao. Walipanga kazi, wakagawana mapato, wakaanzisha miradi kama kinu cha kusaga nafaka mjini Songea. Shule ya Litowa iliunganisha masomo na kilimo na maisha ya kijiji, fikra zilizo karibu sana na zile za Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967. Mwalimu Nyerere aliwatembelea na kuwasifu. Katika andiko lake kuhusu ujamaa vijijini la mwaka huohuo wa 1967, alisisitiza kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa.

Lakini kundi linalojiamulia mambo huwaudhi wanaozoea kuamua. Viongozi kadhaa wa chama na serikali mkoani waliona RDA haiwatii. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja, na vijiji vikawekwa chini ya chama.

Kisa cha pili kinaanza Novemba 1973, pale kuishi vijijini kulipotangazwa kuwa amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kwa malori, na katika baadhi ya maeneo nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Ulikuwa miongoni mwa uhamisho mkubwa kabisa wa watu katika historia ya Afrika.

Haki itendeke: vijiji vilirahisisha ujenzi wa shule, zahanati na visima, na uhaba wa chakula wa mwaka 1974 na 1975 ulichangiwa pia na ukame, si na uhamisho peke yake. Hata hivyo, lengo la awali lilikuwa watu wafanye kazi pamoja, na hapo matokeo yalikuwa hafifu. Shamba la kijiji lilipaliliwa shingo upande. Shamba la mtu lilipaliliwa kwa bidii.

Mchumi wa Marekani Mancur Olson alikuwa amekwishaeleza sababu mwaka 1965. Katika kundi kubwa ambamo manufaa humfikia kila mtu, afanye kazi asifanye, kila mmoja hushawishika kudandia jasho la wengine. Olson alisema dawa ni kundi kuwa dogo kiasi cha watu kuonana, au kuwe na malipo na adhabu. Litowa walikuwa na la kwanza, tena na zaidi ya hapo: waliokuwepo walikuwa wamechagua kuwepo, na aliyechoka aliweza kuondoka. Kijiji cha Operesheni hakikuwa na mlango wa kutokea. Anayefungiwa mlango hubakiwa na njia moja ya kusema hapana, nayo ni kulegeza jembe.

Hapa ndipo kambi zote mbili za mwanzo wa sura zinapokosa maneno. Anayeanza na mtu peke yake angesema Litowa isingewezekana, kwa kuwa kila mtu huvutia kwake. Anayeanza na jamii peke yake angetarajia kijiji kipya kizae mtu mpya kwa kuwa tu nyumba zimepangwa mstari mmoja. Ramani ilibadilika upesi. Watu walibaki na mashaka yao, na vijiji walivyopewa walivigeuza taratibu kuwa vyao, kwa mashamba ya familia, misikiti, makanisa, magenge na minada.

Maswali ya kupeleka kikaoni

Basi, mtu mmoja anaweza kubadilisha nini? Peke yake, kidogo sana. Akiwa wa kwanza, na wa pili akamwona, mengi. Akiwa ndani ya kundi linalomruhusu kukataa, anaweza pia kulifanyia kazi kwa moyo, jambo ambalo hakuna amri iliyowahi kulipata kwa muda mrefu.

Kwa kundi lolote, liwe kikoba, SACCOS, kamati ya shule, jumuiya ya msikiti au kanisa, uongozi wa soko au tawi la chama, yafaa kuuliza:

1. Nani alitunga kanuni hizi, na wanaozifuata leo wanaweza kuzibadilisha kwa njia gani?
2. Je, wanachama wana namna ya kujua wenzao wanafikiri nini, mbali na makofi ya kikaoni?
3. Mwenyekiti akikosea, anatozwa faini ileile?
4. Mwanachama akisema hapana, anapoteza nini?
5. Kundi ni dogo kiasi gani hata kazi ya mtu ionekane, na uzembe wake pia?

Msomaji aliye mwanachama wa kundi la namna hiyo aichukue katiba yake leo na kukisoma kifungu kinachoeleza jinsi mwanachama anavyotoka na anachorudishiwa. Kama kifungu hicho hakipo, aombe kiwekwe katika ajenda ya kikao kijacho, na kabla kikao hakijafunguliwa awe amemtafuta mwanachama wa pili wa kuiunga mkono hoja yake.